Kamera mtego katika kitalu cha uwindaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wawindaji bingwa, wasaidizi wao, askari wa vitalu na wakazi wenye leseni ya kuwinda Tanzania. Mifano mingi ni ya chui na simba, kwa sababu hapo ndipo kamera inapolipa gharama yake.

Kamera mtego inafanyaje kazi?

Ni kamera ndogo isiyopitisha maji, inayofungwa mtini na kuachwa ijiendeshe. Mbele yake kuna kihisi joto. Kihisi hiki hakioni mnyama. Kinahisi kitu chenye joto tofauti na mazingira kikikatiza mbele yake. Vinatakiwa vyote viwili, tofauti ya joto na mwendo. Nusu ya malalamiko ya watumiaji yanatokana na kusahau jambo hilo.

Wazo lenyewe si geni nchini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa akipiga picha za wanyama usiku kwa baruti ya mwanga katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Na mwaka 2005, kamera zilizotegwa misitu ya Udzungwa zilinasa sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa imemtambua. Alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2008.

Nina mafundi wa nyayo wazuri. Kamera itaniongezea nini?

Fundi mzuri atakuambia chui dume mkubwa amepita alfajiri. Hatakuambia kama ni yuleyule wa juzi, wala kama simba mwenye wayo mkubwa ametimiza miaka 6. Kamera inajibu maswali hayo mawili. Ukiichukulia kuwa chombo cha kutafuta mnyama utaitumia vibaya. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha mnyama yupi usimpige, na kukuonyesha siku kadhaa kabla mteja hajakaa kwenye kibanda cha kuvizia na kidole kwenye kifyatulio.

Tanzania huruhusiwi kuwinda chui jike, na simba lazima awe dume wa miaka 6 au zaidi. Kosa moja la haraka jioni lina gharama kubwa kwa kampuni, kwa mwindaji bingwa na kwa kundi zima la simba waliobaki, maana madume wapya wakiingia huua watoto wa yule aliyeondolewa.

Sheria inaruhusu?

Kamera yenyewe si silaha. Lakini eneo lina mwenyewe. Ndani ya pori la akiba au pori tengefu, mjulishe kwa maandishi meneja wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) wa eneo hilo kabla ya kufunga hata moja. Kwenye eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, zungumza na uongozi wa jumuiya na vijiji husika. Kamera isiyojulikana ikikutwa porini, askari ana haki ya kuitilia shaka, kwa kuwa hata majangili wanazijua.

Kumbuka pia kuwa kuwinda usiku kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Picha ya chui anayekula kila siku saa 5 usiku haikupi ruhusa ya kumfuata saa hiyo. Inakuambia kuwa chambo hicho, yaani nyama iliyotundikwa kumvuta, bado hakijaiva, au kwamba chui huyo ana wasiwasi.

Ninunue kamera ya aina gani?

Usibabaishwe na megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi picha kidogo, na zile megapikseli 30 zimejazwa na programu tu. Angalia mambo matatu. La kwanza ni kasi ya kufyatua: iwe nusu sekunde au chini ya hapo, la sivyo utapata mikia. La pili ni muda wa kujiandaa kwa picha inayofuata. La tatu ni taa ya usiku.

Taa ziko za namna tatu. Infraredi (mwanga ambao jicho halioni vizuri) ya nanomita 850 inafika mbali, lakini inaacha vidoa vyekundu hafifu ambavyo mnyama akitazama kamera anaviona. Ya nanomita 940 haionekani, ila umbali wake ni mfupi na picha huwa na chembechembe. Zote mbili hutoa picha nyeusi na nyeupe. Taa nyeupe hutoa rangi kamili na picha kali, na ndiyo bora kwa kutambua madoa na rangi ya pua, lakini baadhi ya wanyama hushtuka na mtu mwenye nia mbaya anajua mara moja kamera ilipo. Kwa chambo cha chui, chagua 940. Kwa njia ya simba, wiki chache kabla ya msimu kufunguliwa Julai, taa nyeupe inafaa sana.

Betri gani?

Kamera nyingi hula betri 8 za ukubwa wa AA. Za alkali zina volti 1.5 kila moja, jumla 12, lakini volti hushuka taratibu, na taa ya usiku hudhoofika wiki nyingi kabla kamera haijazima. Utaona picha za mchana ziko sawa na za usiku ni giza tupu, ukadhani taa imekufa. Za lithiamu hushikilia volti mpaka karibu na mwisho na hazivuji. Bei yake inauma, ila ndizo za kuweka mahali utakaporudi baada ya miezi 2. Za kuchaji za NiMH zina volti 1.2, yaani 9.6 kwa zote 8. Kamera nyingine zinazikubali vizuri, nyingine husema betri imeisha siku ya kwanza. Soma kitabu cha kamera kabla ya kununua.

Betri za redio za dukani kijijini usiziweke. Na usichanganye mpya na kuukuu, kwa kuwa moja iliyochoka huzivuta nyingine zote na huishia kuvuja.

Na kadi?

Kadi ya SD ya GB 32, daraja la 10, kutoka duka linaloaminika. Kadi kubwa kuliko hiyo huwa za mfumo tofauti, na kamera nyingi za zamani hazizisomi. Picha moja ikiwa na MB 3, kadi hiyo inachukua picha kama 10,000. Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Kile kiswichi kidogo cha pembeni mwa kadi kikiwa kimeshuka, kamera haitaandika kitu. Kikague kila mara.

Kila kamera iwe na kadi 2 zenye alama yake, mfano K7A na K7B. Moja ikiwa porini, nyingine iko kambini.

Niifunge wapi, na kwa urefu gani?

Kwenye njia ya wanyama, iweke mita 3 hadi 5 kutoka njiani, ikitazama njia kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Ikitazama njia mraba, mnyama anayekwenda mbio anapita kabla picha haijapigwa. Ikitazama sawasawa na urefu wa njia, kihisi kinachelewa, maana kinashika vizuri kitu kinachokatiza kuliko kinachokijia.

Urefu hutegemea unayemtaka. Kwa chui ni sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, kwa simba 60 hadi 70, kwa nyati, pofu na palahala 90 hadi 100. Chagua mti mnene kuliko paja lako. Mti mwembamba unayumba kwa upepo na kila kuyumba ni picha.

Jua ndilo linalosahauliwa. Tanzania iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo Julai na Agosti jua la mchana liko upande wa kaskazini. Elekeza kamera kusini. Katika eneo kama Rungwa, jua huwa utosini karibu na katikati ya Oktoba, kisha huhamia kusini. Lakini kosa baya zaidi ni kuielekeza mashariki au magharibi, kwa kuwa chui na simba hupita hasa alfajiri na jioni, jua likiwa limelala. Utapata weupe mtupu wenye kivuli katikati.

Kabla hujaondoka, washa hali ya majaribio na upite mbele ya kamera ukiinama, usawa wa mgongo wa chui. Ukipita umesimama wima, unakipima kihisi kwa kifua chako.

Kwenye chambo cha chui kamera inakaa wapi?

Hapa ndipo penye kazi. Chambo, tuseme paja la pundamilia au swala pala mzima, hufungwa kwa waya kwenye tawi lililolala, juu kiasi ambacho fisi hafiki. Panga tawi kwanza, kamera baadaye. Unataka chui alazimike kusimama au kulala ubavu akiwa anakula, na anga wazi liwe nyuma yake upande wa kibanda.

Kamera ifungwe mti mwingine, mita 4 hadi 7 kutoka kwenye chambo, ikitazama tawi kutoka ubavuni. Ukiifunga kwenye mti uleule wa chambo utapata pua na nyama tu. Isiwe kwenye mstari kati ya kibanda na chambo, kwa sababu siku ya kuvizia itabidi uiondoe, na mabadiliko yoyote mahali chui anapopatazama kila jioni yanamtia wasiwasi.

Weka kipimo. Toa alama ndogo za kisu kwenye tawi kila sentimita 10, au pima unene wa tawi na uuandike kwenye daftari. Bila kipimo, chui jike aliyeshiba akiwa karibu na kamera anaonekana dume la kutisha.

Nitajuaje kuwa ni dume?

Korodani ndizo uthibitisho, na huonekana vizuri kutoka nyuma au anapopanda. Ndiyo maana video ya sekunde 10 hadi 15 husaidia kuliko picha moja. Dalili nyingine ni kichwa kipana, shingo nene, ngozi inayoning'inia kooni na kifua kizito. Dalili hizo ni za kuongezea tu. Dume wa miaka 2 hana hata moja kati ya hizo, na jike mzee anaweza kukudanganya.

Ikiwa picha inaonyesha watoto wawili chini ya tawi, kazi ya chambo hicho imekwisha kwa siku kadhaa, hata kama dume naye anapita.

Madoa ya chui hayabadiliki maishani, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Chagua kipande kimoja, kwa mfano nyonga au bega, ulinganishe umbo la madoa matano au sita. Ukitaka pande zote mbili, funga kamera 2 zikitazamana lakini zipishane kidogo, ili taa ya moja isiipofushe nyingine.

Umri wa simba unaonekana kwenye picha?

Kwa sehemu. Pua ya simba mchanga ni ya waridi, na weusi huongezeka kadiri anavyokua. Pua iliyozidi nusu kuwa nyeusi ni ishara ya kukomaa, ingawa simba wa eneo moja na jingine hawalingani. Tatizo ni kwamba picha ya infraredi haina rangi. Pua ya waridi yenye vumbi au damu inaweza kuonekana nyeusi, na manyoya ya shingo yaliyolowa yanaonekana mazito. Usiamue umri wa simba kwa picha ya infraredi peke yake. Tafuta picha ya mchana au ya taa nyeupe, halafu tazama pua, makovu usoni, meno yaliyochakaa na mdomo wa chini unaolegea. Dalili moja haitoshi.

Kumtambua simba mmoja mmoja, tumia safu ya juu ya vidoa vya sharubu kila upande. Njia hii ilielezwa mwaka 1970 kwa kutumia simba wa Nairobi, na bado inafanya kazi, mradi uso uwe umeonekana pembeni na picha iwe kali.

Niweke mipangilio gani?

Njiani: picha 3 mfululizo, bila kupumzika kati ya mafyatuo. Kwenye chambo: picha 3, kisha mapumziko ya dakika 1. Chui anaweza kula dakika 40, na bila mapumziko utarudi na picha elfu za mkao uleule. Kwenye mbuga ya wazi ambako kihisi hakifiki, tumia picha ya kila dakika 5 kuanzia 06:00 hadi 08:30. Video huharakisha kumaliza betri, hasa usiku.

Kwa nini nina picha 3,000 na hakuna mnyama?

Nyasi. Jani moja refu lililopigwa na jua kisha likayumba mbele ya kamera linatosha kujaza kadi kwa siku 2. Fyeka mita 4 au 5 mbele, na ukate matawi mepesi yanayoning'inia. Kama bado, punguza wepesi wa kihisi.

Nyama imeliwa lakini hakuna picha. Imekuwaje?

Anza na joto. Mchana wa Oktoba bondeni, hewa ikifika nyuzi 36 au 37, mwili wa mnyama na mazingira havina tofauti kubwa, na kihisi hakioni kitu. Ongeza wepesi wake msimu huo. Sababu nyingine ni buibui aliyetanda mbele ya kihisi, kamera iliyosukumwa ikatazama chini, au mlaji aliyekuja upande ambao haukufunikwa. Soma pia nyama yenyewe: tumbusi huacha kinyesi cheupe na manyoya, nyegere hukwangua mti. Fundi wako atakuwa amejua kabla ya wewe kufungua kadi.

Tembo, fisi, sisimizi na moto?

Tembo ananusa plastiki na jasho la mikono, kisha anang'oa. Kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa skrubu ndefu husaidia, lakini tembo aliyeamua hashindwi. Kwenye njia kuu za tembo, usifunge kabisa. Fisi hutafuna mikanda ya kamera zilizo chini, hasa ikiwa umeifunga kwa mikono yenye damu ya chambo. Nawa kwanza. Sisimizi hujenga ndani kupitia tundu la waya wa umeme wa nje. Liziba kwa mpira wake au utepe. Usipulize dawa ya wadudu, harufu yake hudumu siku nyingi.

Moto wa kiangazi ndio unaomaliza kamera nyingi kuliko wanyama wote. Safisha ardhi tupu mita 2 hadi 3 kuzunguka mti, na uliza ratiba ya uchomaji wa mapema ya kitalu.

Nikague mara ngapi?

Chambo: kila siku au kila siku 2, kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, chui akiwa amelala mbali. Fika kwa gari, mtu mmoja ashuke, abadilishe kadi, aondoke. Usikae pale ukitazama picha na kuvuta sigara. Kamera za njiani ziache wiki 2 au zaidi, kwa sababu kila ziara inaongeza harufu yako.

Saa za kamera zinanichanganya.

Zinawachanganya wengi. Kamera huandika 19:40, fundi anasema saa 1 na dakika 40 usiku, mteja anaandika kwa mtindo wake. Kubalianeni kambini: daftari lote liwe la saa 24 kama kamera. Kosa la saa 6 linaweza kumfanya chui wa jioni awe wa mchana. Kila ukibadilisha betri, hakikisha tarehe haijarudi nyuma, na piga picha ya kwanza ukiwa umeshika karatasi yenye namba ya kamera, tarehe na saa.

Picha 60 za nyati ni nyati 60?

Hapana. Inaweza kuwa madume 3 yanayopita kila siku. Hesabu picha za spishi ileile ndani ya dakika 30 kuwa tukio moja, kisha gawanya matukio kwa siku ambazo kamera ilikuwa hai. Hicho ni kipimo cha matumizi ya njia, si idadi ya nyati.

Kamera za laini ya simu zinafaa?

Vitalu vingi havina mtandao, kwa hiyo swali hujijibu. Zikipata mtandao huokoa safari za gari, ila hula betri haraka. Pia zinaleta mjadala: kupata picha simuni na kumkimbilia mnyama palepale si kuwinda kwa wengi wetu. Zitumie kuamua kesho utakaa chambo kipi.

Zikinasa watu?

Zitanasa: wachoma mkaa, warina asali, wanawake wanaokwenda kisimani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha za watu, kwa hiyo usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ya mtu mwenye silaha au waya za mitego ipelekwe kwa TAWA, na kamera iachwe kama ilivyo. Usifunge kamera kwenye njia ya kisima cha kijiji hata kama kuro wanapita hapo.

Picha za tembo wenye pembe kubwa au faru nazo zisitoke zikiwa na mahali na tarehe.

Ninaishi nje ya Tanzania. Haya yananihusu?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, kwa hiyo huko kamera ni za utafiti na kulinda mifugo. Kwa waliopo Marekani, kila jimbo lina lake: Arizona ilikataza matumizi ya kamera hizi kwa uwindaji kuanzia Januari 2022, na Nevada na Utah zinabana miezi na maeneo. Soma kanuni za jimbo lako za mwaka huo, si za mwaka uliopita.

Nizihifadhije masika?

Toa betri zote. Futa mpira wa mlango kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa chembe moja ya mchanga inapitisha maji msimu mzima. Zikaushe siku 2 kivulini zikiwa wazi, ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na uandike juu ya kila moja hitilafu yake: "inachelewa usiku", "mkanda umeliwa".